Tarakimu ya Mwisho

Tarehe 31 Oktoba 2022, katika Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliutangazia umma idadi ya watu wa Tanzania kama ilivyopatikana katika sensa ya mwezi wa Agosti wa mwaka ule. Idadi hiyo ilikuwa 61,741,120. Haukupita muda mrefu namba hii ikaanza kukatwa maungo yake katika vinywa vya watu. Aliyependa usahihi kidogo alisema milioni 61.7, aliyependa wepesi alisema milioni 62, na wengi walitosheka na milioni sitini na kitu. Hakuna aliyewalaumu, maana namba ndefu ni mzigo, na ulimi, kama punda, hupenda mzigo mwepesi.

Swali ninalotaka kulichungua katika insha hii ni la maadili zaidi kuliko la hesabu, ingawa haliwezi kujibiwa bila ya hesabu. Tarakimu ya mwisho ya namba kubwa ina haki gani juu yetu? Idadi ya watu ikisha kufika mamilioni, je, ni wajibu kuitaja mpaka mtu mmoja mmoja, au ni majivuno tu ya kujidai kujua jambo ambalo hakuna awezaye kulijua?

Kwanza tutazame kinachopotea. Anayesema milioni 61.7 amewaacha nje watu 41,120, idadi inayotosha kujaza kata mbili tatu za vijijini. Anayesema milioni 62 amewaingiza nchini watu 258,880 ambao hawakuzaliwa na mama yeyote. Kwetu Kibakwe, katika wilaya ya Mpwapwa, upande ule ambao nyanda kavu za Dodoma huanza kupanda kuielekea milima ya Rubeho, watu wote wa kijiji pamoja na wa vijiji jirani wangeweza kufutwa, na bado ile milioni 61.7 isingebadilika hata chembe. Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Ndiyo maana hasa ya kukadiria: ni kukubali kwamba wako watu ambao kuwako kwao na kutokuwako kwao ni mamoja.

Sasa tuishike namba yenyewe, tuigeuze mkononi kama mwashi anavyoligeuza jiwe kabla ya kulitia ukutani. 61,741,120 ni namba shufwa, yaani hugawika kwa mbili. Lakini ushufwa wake umezidi kiasi. Nusu yake ni 30,870,560. Nusu ya nusu hiyo ni 15,435,280. Na ukiendelea hivyo utapata 7,717,640, kisha 3,858,820, kisha 1,929,410, kisha 964,705. Mara sita umewagawa watu wa nchi nzima mafungu mawili mawili yaliyo sawa bila ya kubakiza mtu. Mara ya saba huwezi, kwa sababu 964,705 ni witiri, na mtu mmoja atabaki amesimama peke yake katikati. Witiri hiyo nayo hugawika kwa 5, na kwa 7, na kwa 43. Na ukisha kuviondoa vigawo hivyo vyote, inayobaki ni 641, ambayo ni namba tasa, haina wa kuigawa ila 1 na yenyewe. Kwa hiyo idadi ya watu wa Tanzania wa usiku ule wa sensa ni 64 × 5 × 7 × 43 × 641. Vigawo vyake vyote, vikubwa kwa vidogo, ni 112. Ukivijumlisha vyote, ukaiacha namba yenyewe peke yake, utapata 110,458,688, jumla iliyo kubwa kuliko namba iliyovizaa. Wayunani wa kale waliziita namba za aina hii namba zenye ziada.

Huyo 641 si mgeni kwa wanaopenda hesabu. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat alizitazama namba hizi: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja huizaa inayofuata kwa njia ile ile: ondoa moja, zidisha kinachosalia kwa nafsi yake, kisha ongeza moja. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini kwamba ya sita nayo, ambayo ni 4,294,967,297, lazima iwe tasa, na kila itakayofuata baada yake pia. Imani hiyo ilidumu mpaka mwaka 1732, Leonhard Euler alipoonyesha kwamba namba hiyo ya sita ni zao la 641 na 6,700,417. Mashahidi watano wema hawakutosha kumdhamini wa sita. Na sasa 641 huyo huyo, aliyemwangusha Fermat, tunamkuta amekaa kimya ndani ya idadi ya watu wa Tanzania.

Je, jambo hilo lina maana gani kwetu? Halina maana yoyote. Nasema hivyo kwa mkazo, kwa kuwa najua jinsi akili ya binadamu inavyopenda kutafuta ishara. Idadi ya wanawake katika sensa ile ilikuwa 31,687,990 na ya wanaume 30,053,130. Zote mbili zinakwisha kwa sufuri, na mpenda mafumbo anaweza kuketi kitako akaitungia sufuri hiyo hadithi ndefu. Lakini sufuri ina haki ya kutokea mwishoni kama tarakimu nyingine yoyote. Anayetafuta maajabu katika namba hayakosi, kwani namba zina sifa nyingi mno kuliko macho yetu ya kuzionea.

Lakini kutokuwa na maana huko kuna sababu yake, na sababu hiyo ndiyo inayonivutia. 641 iliigawa 61,741,120 kabla ya Euler kuzaliwa, kabla ya kuwako Tanzania, na kabla ya mtu wa kwanza kulima shamba katika bonde la Kibakwe. Ingeigawa hata kama sensa isingefanywa. Namba haikuzipata sifa zake kwa watu. Watu ndio waliojikuta, usiku mmoja, wamesimama juu ya namba hiyo, kama msafiri anavyojikuta chini ya mti ambao hakuupanda. Tena hawakukaa hapo. Kabla ya alfajiri walikwisha kuihama, kwa maana katika nchi ya watu wengi kiasi hicho hakuna saa ipitayo bila ya mtu kuzaliwa na mtu kufa.

Tazama pia jambo hili. Idadi ya wanawake hugawika kwa mbili mara moja tu. Nusu yake, 15,843,995, ni witiri. Idadi ya wanaume kadhalika. Nusu yake ni 15,026,565. Wala hakuna kati yake inayogawika kwa 641: wanawake wakipangwa katika mafungu ya 641 wanabaki 155, na wanaume wanabaki 486. Lakini wajumlishe pamoja, na papo hapo jumla yao yaweza kugawiwa kwa mbili mara sita, na yale mabaki mawili, 155 na 486, yanakutana na kufanya fungu moja kamili la 641. 641 hiyo haikutoka kwa wanawake, wala haikutoka kwa wanaume. Imezuka katika kujumlisha. Kwa maneno mengine, kujumlisha hakutunzi vigawo vyote. Huvifuta vingi na kuleta vingine, na uhusiano wa kujumlisha na kuzidisha ni mojawapo ya mambo yaliyowasumbua wataalamu wa hesabu kwa karne nyingi na yanayowasumbua mpaka leo.

Na watu huja duniani kwa kujumlishwa. Huja mmoja mmoja. Hata mapacha hutangulia mmoja akafuata mwingine. Hakuna taifa lililopatikana kwa kuzidisha 43 kwa 641. Ndiyo maana vigawo vya namba ya sensa havisemi neno juu ya watu: vigawo ni habari za kuzidisha, nasi ni viumbe wa kujumlishwa.

Ziko namba nyingine ambazo vigawo vyake vinasema, tena vinasema kwa sauti kubwa. Jirani zetu wa Kongwa waliletewa namba ya aina hiyo. Mwaka 1946 yalitungwa mashauri ya kulima karanga katika Tanganyika, pamoja na Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ili kuipatia Uingereza mafuta ya kupikia baada ya vita. Eneo lililokusudiwa lilikuwa ekari 3,210,000. Igawe namba hiyo, utapata 107 × 30,000. Hapa vigawo havikuzuka baadaye, vilitangulia. Mtu aliketi na karatasi, akaamua kwamba shamba moja litakuwa la ekari 30,000, akaamua kwamba mashamba yatakuwa 107, kisha akazidisha. Namba hiyo ni nyoofu kwa sababu haikukutana na kitu. Haikukutana na udongo wa Kongwa, ambao ukikauka huwa mgumu kama saruji, wala na mvua ya Ugogo, ambayo mkulima yeyote wa pale angeweza kuieleza bila ya kuzidisha. Mpango ulianza kazi mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951, na hasara yake ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. (Msomaji atanisamehe kwa kuitaja hasara hiyo kwa makadirio. Fedha haina mama.)

Basi nadhani tunaweza kuzitenga namba kubwa katika makundi mawili: namba zilizozidishwa mezani, na namba zilizojumlishwa mlangoni. Ya kwanza hukubali kukadiriwa, kwa sababu ilizaliwa kwa kukadiriwa. Ukiondoa ekari 40 katika 3,210,000 hukumdhulumu mtu, maana ekari hizo hazikuwahi kuonekana na jicho. Ya pili kila sehemu yake ina mwenyewe. Kosa la watawala wengi, wa zamani na wa sasa, ni kuishika namba ya pili kwa mikono iliyozoea namba ya kwanza.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko sisi tunaoisema. Kiswahili kimejikusanyia maneno ya hesabu kutoka pande zote za biashara yake: mbili, tatu na kumi ni za Kibantu, sita, saba, ishirini, mia na elfu tulizipata katika Kiarabu, laki ilikuja kutoka Bara Hindi, milioni ililetwa na Wazungu. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo neno lake linavyotoka mbali. Ukiitaja 61,741,120 kwa ukamilifu, milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini, umeizunguka Bahari ya Hindi na kuivuka nyingine. Tena lugha hii humtaka msemaji awe mwangalifu. Ukisema elfu kumi na moja, msikilizaji hajui bado kama umekusudia 11,000 au 10,001, na ndiyo sababu watu waangalifu, wakikusudia ile ya kwanza, husema kumi na moja elfu. Kati ya maana hizo mbili wako watu 999, nao wote wananing'inia katika pumzi moja.

Lakini lililo kubwa zaidi ni upatanisho. Tunasema mtu mmoja, watu wawili, watu watatu; tunasema pia watu ishirini na wawili, watu mia moja na watatu. Hatusemi watu milioni wawili. Milioni, laki, elfu na mia hazimjui mtu. Ni zile zile kwa watu, kwa ng'ombe na kwa magunia ya mtama. Kumi nayo haimjui, wala sita, saba na tisa. Katika namba ndefu mahali pa kupokea kiambishi cha uhai ni pale pa mwisho, penye mmoja, wawili, watatu, wanne, watano na wanane. Hapo tu ndipo msikilizaji, asipoambiwa kinachohesabiwa, hutambua kwamba ni watu. Ukikadiria namba, tarakimu ya kwanza kuitupa ni hiyo iliyobeba ubinadamu. Sidai kwamba wahenga walikaa kikao wakakusudia hivyo. Sarufi haikusudii. Lakini mimi ninayefundisha lugha hii kila siku sioni kwa nini nilipuuze jambo ambalo imelihifadhi.

Katika 61,741,120 mahali hapo pa mwisho ni sufuri. Namba inakwisha kwa ishirini, na kiambishi hakikupata pa kukaa. Basi tutunge mfano. Sensa ilihusu usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Kanuni ya sensa za namna hii ni kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita ya usiku huhesabiwa, na aliyezaliwa baada yake hahesabiwi; na kwa upande wa pili, aliyefariki baada ya saa sita huhesabiwa, ingawa karani akifika asubuhi atakuta matanga. Tuseme kwamba usiku ule, katika nyumba moja ya Kibakwe, mama alikuwa akijifungua mapacha. Kulwa alizaliwa dakika kumi kabla ya saa sita. Doto akazaliwa dakika tano baada yake, yaani baada ya saa sita. Kulwa yumo katika 61,741,120. Doto hayumo.

Sasa mrudishe Doto nyuma kwa dakika sita. Taifa linakuwa watu 61,741,121, na tazama mageuzi yanayotokea. Vigawo vyote vya zamani, isipokuwa 1, vinakimbia: 2 haipo tena, 5 haipo, 7 haipo, 43 haipo, na 641 wa Euler hayupo. Badala yake imeingia 13, ambayo mwanzo haikuwako. Na mwishoni mwa namba, baada ya mamilioni na maelfu yote, tunasikia neno ambalo halikusikika: mia moja ishirini na mmoja. Kinyume chake, tumtoe Kulwa, aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Wanakuwa 61,741,119, namba witiri inayogawika kwa 3 na kwa 11. Kichanga kimoja, ambacho katika milioni 61.7 hakina uzito wa nywele, katika namba kamili kinageuza kila kitu. Hakuna daraja kubwa la ufalme ambalo raia wake mmoja ana nguvu kiasi hiki juu yake.

Hapa lazima nimpe nafasi mpinzani wangu, na sitaki kumwazima hoja dhaifu. Mwanafunzi wa sayansi atasema hivi: Mwalimu, umeisifu tarakimu ambayo si ya kweli. Hakuna sensa duniani inayohesabu mamilioni bila ya kosa. Wako waliorukwa, wako waliohesabiwa mara mbili, wako waliosema uongo, na wako waliosahau mgeni aliyelala jikoni. Kama kosa ni la maelfu, basi ile 120 ya mwisho ni pambo tu. Sisi tukipima urefu wa Mlima Kilimanjaro tunasema mita 5,895 na kunyamaza. Hatuongezi unene wa unywele. Kuandika tarakimu usiyoijua ni uongo uliovaa nguo za usahihi.

Hoja hii ni nzito, na sehemu yake ni kweli tupu. Sina shaka kwamba watu waliolala Tanzania usiku ule hawakuwa 61,741,120 kwa kweli kamili. Kama namba hii ingekuwa kipimo cha nchi, ningekubali ifutwe nusu. Lakini mlima hupimwa, na watu huhesabiwa, na kuhesabu si kupima kwa kifaa kibovu. Kipimo ni neno la mpimaji juu ya kitu kisichosema. Hesabu ya watu ni jumla ya majibu. Karani aliyeshika kishikwambi chake alisimama mlangoni akauliza ni nani waliolala humu, na mtu akajibu: mimi, na mke wangu, na watoto watatu, na mama mkwe aliyetoka Mpwapwa juzi. Kila mmoja aliyemo katika 61,741,120 yumo kwa sababu kinywa cha mtu kilimtaja. Namba haisemi, watu wa nchi hii ni kadha. Inasema, hawa ndio waliotajwa. Na kama ni orodha ya waliotajwa, nani amepewa haki ya kuwafuta mia moja na ishirini wa mwisho, na atajuaje ni akina nani?

Mpinzani aweza kujibu kwamba hao mia moja na ishirini si watu fulani. Ni nafasi tu katika namba. Naam, na hapo ndipo penye hatari. Kwa kuwa si watu fulani, dhamiri haiumi. Ingekuwa tunaambiwa kila tunapokadiria ni nani aliyeachwa, kwa jina lake na la baba yake, tungekadiria kwa nadra sana.

Walakini hoja iliyonishinda kuipuuza haiko katika vitabu vya hesabu. Iko katika miguu ya karani. Agosti ni kiangazi kwetu. Upepo ni mkali, vumbi ni jingi, na upande wa Rubeho nyumba ziko mbali mbali, nyingine juu kabisa ambako njia ni ya mbuzi. Mfikirie karani jioni, amekwisha kuzipitia kaya zake zote isipokuwa moja, na moshi wake anauona juu ya mlima. Kama amefundishwa kwamba tarakimu za mwisho ni pambo, kwa nini apande? Anajua vizuri kuwa wakazi watano wa nyumba ile hawataonekana katika milioni yoyote. Akigeuka na kurudi, hesabu yake itakuwa na kosa la watu watano. Na makarani wengine wakifanya hivyo hivyo, kosa litakuwa la maelfu. Na kesho mtaalamu atasema, mnaona, namba hii ina kosa la maelfu, hakuna haja ya kuitaja mpaka mwisho. Makadirio yanazaa kosa, na kosa linayahalalisha makadirio. Duara hii haivunjiki ila kwa mtu anayepanda mlima akiamini kwamba watano ni watano. Kwa sababu hii naona kwamba tarakimu ya mwisho huandikwa kabla hatujawa na hakika nayo, na kwamba bila ya kuiandika hatuwezi hata kuikaribia hakika hiyo.

Sipingi kila makadirio. Anayepanga madawati ya mkoa wa Dodoma, ambao katika sensa hiyo ulikuwa na watu 3,085,625, hana haja ya kujua kwamba namba hiyo ni 5 nne zilizozidishwa pamoja na kuzidishwa tena kwa 4,937. Amuulize fundi seremala, akadirie, aongeze kidogo. Hata kauli ya kwamba wanawake walikuwa asilimia 51 na wanaume asilimia 49 ni kauli halali, inasaidia fahamu. Ninachokataa ni kuyaacha makadirio yapande kutoka katika mazungumzo yakaketi katika daftari.

Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hawakupenda kuhesabu ng'ombe wao kwa namba, seuze watoto wao. Waliona ni kuita msiba; na hata katika Biblia mfalme Daudi alipata adhabu kwa kuwahesabu watu wake. Wasomi wamezoea kuicheka miiko hii. Mimi naona ndani yake ujuzi mkubwa. Mchungaji wa Kigogo jioni hasimami mlangoni mwa zizi akasema, walikuwa arobaini na mmoja, leo ni arobaini. Anatupa jicho mara moja na kusema, yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika hayupo. Hana haja ya namba kwa kuwa anamjua kila mmoja. Namba ingekuwa kushuka daraja, kutoka kumjua hadi kumhesabu. Mwiko ule ulimlinda asije akatosheka na arobaini na mmoja wowote.

Taifa halina jicho hilo, wala haliwezi kuwa nalo. Mwaka 1967, katika sensa ya kwanza baada ya uhuru na muungano, watu wa Tanzania walikuwa 12,313,469, na hata wakati huo hakuna aliyeweza kuwajua. Kati ya sensa ya 2012, iliyopata watu 44,928,923, na ile ya 2022, ongezeko peke yake lilikuwa watu 16,812,197, zaidi ya nchi nzima ya mwaka 1967. Katika wingi kama huo kumjua kila mmoja kumekwisha kutoweka, na kilichobaki mkononi mwa dola ni kumhesabu kila mmoja. Tarakimu ya mwisho ndiyo masalia ya jicho la mchungaji. Ni jicho bovu, nakubali. Halioni rangi wala pembe. Lakini bado linaweza kusema kwamba mmoja hayupo.

Sensa za 2002, 2012 na 2022 zilipishana kwa miaka kumi. Desturi hiyo ikidumu, ijayo itakuwa mwaka 2032, na Doto wa mfano wetu, ambaye usiku ule alichelewa kwa dakika tano, atakuwa na umri wa miaka kumi. Karani atakayefika nyumbani kwao atamkuta anakwenda kuteka maji au anatoka shule, atauliza ni nani waliolala hapa, na safari hii pacha wake hatatajwa peke yake. Watatajwa pamoja, Kulwa na Doto, wawili, na kuongezwa juu ya namba ambayo vigawo vyake vimekwisha kupangwa tangu milele, ila hakuna bado mtu aliyeijua.